Bwana Shamba wa Nondo Weupe

Watu wakiingia shamba la mwenzao hupiga hodi. Bwana Shamba wetu alikuwa akiziba mdomo. Akifika kwenye mbuni wa kwanza wa kahawa alisimama, akavuta pumzi, kisha akafunika mdomo kwa kiganja kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Mgeni angedhani shamba linanuka. Sisi tulijua sababu. Nondo wa kahawa ni mdogo kuliko punje ya mchele, mweupe wa kung'aa kama uzi wa hariri, na ukimpumulia tu, hayupo tena. Kwa hiyo Bwana Shamba aliongea kwa pembe ya mdomo, na pumzi yake akaigeuzia begani.

"Kamwene, Mama Tusa," alikuwa akisema hivyo kwa upande, kwa salamu ya kwao Iringa, macho yasitoke kwenye jani. "Habari za... hapana, baki hapohapo. Kivuli chako kinamtisha."

"Nimesimama shambani kwangu," mama alikuwa akijibu.

"Ndiyo, mama. Lakini simama kule."

Mama Tusa ni mama yangu mzazi. Tusa ni dada yangu, na mimi ni Atupele, mdogo wake. Baba alikuwa ameshafariki. Tulikaa milimani Rungwe, juu ya Tukuyu, ambako mvua haiulizi kama umeanika nguo, na kila nyumba ina mibuni yake chini ya migomba. Bwana Shamba alipanga chumba Tukuyu, akawa anazunguka kwetu kwa baiskeli ambayo aliisukuma zaidi kuliko alivyoipanda. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye soksi ndefu za kaki ambazo moja ilikuwa inateremka siku zote, na kioo cha kukuza vitu kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Sijui alizaliwa kijiji gani. Nilikuwa na maswali mengi juu yake, ila hilo halikunijia.

Swali lililonijia mara nyingi ni hili: macho yale yalikuwa ya namna gani? Maana Bwana Shamba aliweza kusimama hatua mbili kutoka kwenye ukuta wetu, akakwambia kwamba yule mdudu wa karibu na dirisha si ndugu wa yule wa karibu na mlango. Lakini watu walimshinda kabisa. Mimi na Tusa alituchanganya miaka yote, ingawa Tusa ni mrefu na mpole, na mimi ni mfupi na jino langu la mbele limevunjika. Alinipa salamu za mchumba wa Tusa. Akampongeza Tusa kwa wimbo nilioimba mimi kanisani. Tukimsahihisha, alitutazama kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeombwa kubeba mzigo uliomzidi.

Kuna siku alikwenda kwa jirani yetu, Mzee Ambakisye, akavua kofia, akampa pole kwa kufiwa na mke. Mfiwa mwenyewe alikuwa ng'ambo ya bonde, mzee mwingine kabisa. Mke wa Mzee Ambakisye alikuwa amesimama nyuma yao na kibuyu cha maziwa mgando, anasikiliza. Bwana Shamba akaeleza jinsi marehemu alivyokuwa mkarimu.

"Asante, mwanangu," yule bibi akasema. "Na kupika je, nilikuwa najua?"

Habari hiyo ilizunguka mlima mzima. Bwana Shamba mwenyewe aliisimulia kuliko wote, akicheka mpaka anafuta machozi, na kila alipoisimulia alikosea tena nani alikuwa nani.

Kuhusu wadudu hakuwa na mzaha. Alikuwa na neno lake: "Usiniambie umeona. Niambie umeona nini." Ukisema nondo wawili wanafanana, alikasirika, na ndiyo hasira pekee niliyowahi kumwona nayo. "Kufanana hakuko kwa mdudu," alikuwa akisema. "Kuko kwenye macho yako. Tazama tena."

Jioni moja mvua ilimshika kwetu. Tulikuwa jikoni, mahindi yananing'inia juu ya moto, na vinondo vinaruka kuizunguka taa. Mama akawa anavipiga kwa kitambaa, huku akilaani.

"Ndio hawa," akasema. "Wanakula kahawa yangu mchana, jioni wanakuja kuota moto wangu."

"Huyo uliyemwua ni wa mahindi, Mama Tusa."

"Nondo ni nondo."

"Na mtu ni mtu? Ungemwoza Tusa kwa yeyote anayepita njiani?"

"Wewe unyamaze," mama akasema. "Wewe ungenioa hata mimi, ukidhani ni Tusa."

Tulicheka hadi moshi ukatupalia. Kisha Bwana Shamba akamkamata mmoja hai kwa kumfunika na glasi, akatuita tutazame kwa zamu. Mimi nilikwenda wa kwanza. Kwenye kile kioo nondo alikuwa mkubwa kama ndege. Rangi yake ilikuwa ya jani kavu la mhindi, na mbele ya uso alikuwa na vijipembe viwili vilivyopinda kwenda juu kama vya ng'ombe. Nyuma ya mabawa kulikuwa na nywele ndefu, kama mkeka ambao haujakatwa pindo. "Wa kahawa ni mweupe," Bwana Shamba akaeleza, "na kwenye ncha ya bawa ana doa jeusi, kama amepaka wanja akakosea mahali. Huyu wako hajawahi kuonja kahawa maisha yake yote. Anika mahindi yako juani, mama, uiache mibuni ipumzike na lawama." Mama alianika, na alifanya vizuri, maana tulipopukuchua tulikuta punje nyingi zina kitundu.

Usiku ule sikulala mapema. Niliwaza kwamba kumbe nimeishi miaka yote kati ya viumbe ambao sijapata hata kuwasalimu kwa jina lao. Nikajiona nimekuwa mtu mkubwa, nina kioo changu, napita toka Iringa mpaka Mbeya nikiulizwa na watu, "Dada, huyu ni nani?" Nilisoma darasa la nne tu, lakini kuota hakuna mtihani.

Jambo lililonitatiza ni kwamba Bwana Shamba hakuwaua. Serikali ilimtuma awamalize, naye akishamtazama nondo alifungua glasi, akampulizia taratibu aende zake.

"Unamwachia adui?" mama akamwuliza.

"Huyu nimeshamhoji."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu wa huruma, na huruma yake ilianza na kitu kidogo, ikawa inapungua kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa. Sisemi kwa ubaya. Nilikuwa nampenda, na bado. Lakini lazima nieleze habari ya migomba.

Kwetu mgomba si mti wa kando. Tunakula ndizi mbichi zilizopikwa, mbalaga, asubuhi na jioni. Jani lake ndilo sahani na mfuniko, na ganda lake kavu ndilo kamba. Mtoto akizaliwa watu huja na mkungu. Bwana Shamba alitoka kwa watu wa ugali. Mama akimpakulia mbalaga yenye maharage, alikula yote kwa adabu, akanawa, akaketi kusubiri.

"Umeshiba, Bwana Shamba?"

"Kitafunwa kilikuwa kitamu sana, mama. Chakula kinakuja lini?"

Hakuwa anatania. Mama alimwonea huruma, akawa anamsongea kaugali pembeni kila akija. Akatuambia sisi mabinti, "Maskini, huyu kwake mgomba ni mwavuli tu." Tulicheka. Hatukujua kwamba tumesema neno zito.

Maana mwaka uliofuata majani ya kahawa yalianza kuungua. Yalitoka mabaka ya kahawia kama malengelenge, na ukilichana baka moja unakuta viwavi vidogo vyeupe vimejipanga ndani, vinakula nyama ya jani na kuacha ngozi. Shamba la Mzee Ambakisye ndilo lilianza. Bwana Shamba akaja, akaona nondo weupe wenye wanja kwenye ncha, akasema kile alichofundishwa: nondo wa kahawa anapenda kivuli. Migomba ikatwe.

Mzee Ambakisye alikuwa mtii. Aliikata yote, siku mbili panga halikunyamaza. Mkewe alikaa ndani. Tulimsikia analia, kilio cha chini chini, na Bwana Shamba alikuwa mle shambani akitazama majani.

Kiangazi kikaja. Jua likapiga mibuni ile moja kwa moja, na nondo, badala ya kupungua, wakaongezeka. Ukitikisa tawi walipaa kama unga. Majani yakaanguka, mibuni ikasimama uchi, na nyumba ya Mzee Ambakisye ikawa inapikiwa na majirani. Bibi aliyekuwa akigawa ndizi akawa anapelekewa. Alipokea kwa mikono miwili, hakutania tena.

Na mabaka yakaingia kwetu.

Bwana Shamba alitoa agizo lilelile, na chama cha kahawa kikalishika: asiyekata migomba, kahawa yake haitapokelewa msimu unaofuata. Kisha yeye mwenyewe akahamishiwa Iringa. Alituaga kwa haraka, akaniita Tusa, akaondoka na basi. Mama akabaki na agizo. Kahawa ndiyo ilitupa chumvi, sabuni na nguo. Migomba ndiyo ilitupa chakula. Kila mtu wa chama alipopita, mama alikuwa na jibu lake: panga limekwenda kunolewa. Bega linauma. Mkungu ule wa kona haujakomaa, ni dhambi kukata wenye mimba.

"Mama, mwisho wake nini?" nikamwuliza.

"Nikikata kama Ambakisye, nitakosa vyote viwili. Nisipokata, nitakosa kahawa. Wewe mwenye ndoto nyingi, ota hilo."

Nilijaribu. Sikupata kitu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, ndipo nilipomwona mara ya mwisho. Nilikuwa napalilia karibu na njia, nikaona mtu anapanda kilima kwa miguu. Hakuwa na baiskeli wala nguo za kazi. Alivaa koti la kawaida na suruali ndefu, na kama si kile kioo shingoni ningempita.

"Mama," nikaita. "Amekuja kukata."

Mama akatoka na mikono yenye unga. Akasimama katikati ya njia, kati yake na migomba.

"Bwana Shamba, wamekutuma?"

"Sijatumwa, mama. Nipo likizo. Nimekuja kwa nauli yangu."

"Kufanya nini?"

"Kutazama."

Akatueleza palepale, amesimama, hata maji hajapewa. Kule Iringa alikuwa amefuga nondo wa kahawa chumbani, kwenye chimni za taa alizozifunga kitambaa juu, kila chimni na jani lake. Mwenye nyumba alilalamika kwamba mpangaji wake anakaa na kibatari cha moshi wakati chimni zote zina wapangaji wengine. Nondo wote walikuwa weupe, wote wana wanja. Hata kwenye kioo hakuona tofauti. Lakini walipotaga, akaona. Baadhi waliyapanga mayai mstari, yakigusana, kandokando ya mshipa wa jani. Wengine waliyatawanya ovyo, moja huku, moja kule, kama ufuta uliomwagika.

"Ni wawili, Mama Tusa. Walikuwa wawili siku zote. Niliwaita mmoja kwa sababu wamevaa nguo moja. Wa mstari anapenda kivuli. Wa kutawanya anapenda jua."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, nikatazama upande wa Mzee Ambakisye.

Alianza kwetu. Safari hii hakuziba mdomo tu, alipiga magoti kwenye tope, jani baada ya jani, akiligeuza kuelekea mwanga. Sisi tulimfuata kwa mbali, kama tunavyofuata mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Moyoni niliomba mayai yawe ya kutawanyika, ili migomba yetu ipone. Mama naye aliomba hivyo, niliona midomo yake.

Bwana Shamba akasimama, akamwita mama. Hakuniita mimi.

"Tazama mwenyewe. Polepole."

Mama akashika kioo kwa vidole vya unga. Akatazama muda mrefu.

"Yamejipanga," akasema.

"Ndiyo."

"Kama shanga."

"Ndiyo, mama. Huyu wako ni wa kivuli. Migomba yako imebanana mno. Si yote, lakini mmoja ubaki, mmoja utoke. Chama nitawaeleza mwenyewe."

Mama akamrudishia kioo. "Ulimwambia Ambakisye akate, ukakosea. Sasa unaniambia mimi nikate. Na ukikosea tena?"

"Nikikosea leo, nitakuwa nimekosea baada ya kutazama. Siku ile sikutazama."

Mama akaangalia migomba yake, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mtoto wa kumpeleka mbali. Kisha akaniambia, "Atupele, lete panga." Na baada ya hatua chache akageuka: "Lete na jembe. Hii tutaing'oa na vichipukizi vyake."

Sikuuliza kwa nini. Tulifanya kazi mpaka jua likapita utosini. Bwana Shamba alikata, mimi na mama tukachimbua vichipukizi, vile vyembamba vyenye majani kama mkuki, tukavipanga kwenye nyasi na udongo wake.

Kwa Mzee Ambakisye alitaka twende pamoja naye. Alisema wazi kwamba anaogopa. Tulimkuta mzee amekaa kibarazani, anachonga mpini. Kabla ya salamu Bwana Shamba akapita moja kwa moja kwenye mibuni iliyo uchi, akatafuta majani machache yaliyobaki, akatazama. Alirudi na jani moja, akamwekea mzee mapajani pamoja na kioo.

Mzee hakukishika. "Niambie kwa mdomo."

"Yametawanyika, mzee. Nondo wako ni wa jua. Migomba yako ilikuwa inakukinga. Nilikwambia uikate, na haikuwa na kosa."

Kisu kikaendelea kuchonga. Vipande vya mti vilianguka juu ya lile jani.

"Mke wangu alilia siku ile," mzee akasema. "Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Majani."

"Majani," mzee akarudia. Akapuliza ule mpini, akaupima kwa macho. "Sasa unataka nikwambie nini, mwana wa Iringa? Kwamba si kitu? Ni kitu. Tumekula kwa watu kiangazi kizima."

"Najua, mzee."

"Hujui. Kwenu ndizi si chakula."

Mama akasogea mbele, akatua mzigo wake. Vichipukizi vikalala chini mbele ya baraza, vyenye udongo wetu bado. "Hivi vimetoka kwangu, vilikuwa vimezidi," akasema. "Mvua imefika."

Mzee aliviangalia. Akauingiza ule mpini mpya kwenye jembe, akaupigapiga chini mpaka ukakaza, kisha akamnyooshea Bwana Shamba.

"Chimba wewe."

Bwana Shamba akavua koti, akampa mama. Akaingia shambani, akasimama na jembe begani katikati ya mibuni ile, hajui aanzie wapi. Miaka yote alikuwa akituonyesha sisi mahali pa kuchimba.

Ndipo mke wa Mzee Ambakisye alipotoka ndani. Hakumsalimu. Alipita kati ya mistari ya kahawa polepole, akitazama chini, anakumbuka, mpaka akafika mahali ambapo kisiki cha zamani kilikuwa kimeoza. Akakikanyaga kwa mguu.

"Hapa," akasema.

Bwana Shamba akachimba. Shimo lilipokuwa la kutosha, mimi nikaleta kichipukizi, bibi akakishika wima kwa mikono yake, udongo ukarudi. Akainuka, akajipangusa magoti, akaenda kukanyaga mahali pengine, na Bwana Shamba akamfuata na jembe.